Nguo za Mwenyewe Asiyetajwa

Mama alipofariki aliacha kasha lenye visutu vitatu, kikoi cha hariri cha marehemu baba kilicholiwa na mende pembeni, na kipande cha pazia la kitanda lenye tarizi ya uzi wa dhahabu uliokwisha kugeuka mweusi. Visutu ni zile leso nyekundu, nyeusi na nyeupe ambazo bibi harusi wa kwetu hupewa. Vya mama vilikuwa na umri wa kunizidi. Kuvivaa nilishindwa, maana ukivivuta kidogo vinachanika kama karatasi iliyolowa. Kuvitupa nilishindwa pia. Vilikaa kashani miaka miwili, na kila nikifungua kasha nalifunga tena.

Mwaka wa tatu, Idi ilipokaribia, nilichukua mkasi, nikapiga bismillahi, nikakata. Nilitoa mito miwili ya kuegemea, nikaijaza sufi. Vipande vilivyobaki nilivikata pembe tatu, nikavishonea matamvua ya kile kikoi, nikavitunga kwenye uzi na kuvitundika juu ya mlango. Siku ya Idi jirani yangu alikuja na mgeni wake, mwanamke wa bara aliyekuwa meneja wa nyumba ya wageni kule Shela. Alikaa chini ya lile pambo akala mkate wa sinia, na macho yake hayakutoka mlangoni. Kabla ya kuondoka aliniuliza kama naweza kumfanyia kama hilo, na mito minane, na kwa Krismasi nyota ndogo za kutundika.

Wakati huo nilikuwa nashona sare za shule, kazi ya mashati meupe na kaptura mwaka mzima, na sikuwa na sababu ya kukataa. Kasha la mama likaisha kabla ya mwaka kwisha. Nikawaambia wanawake wa mtaani kwetu, hapa Amu, Lamu ya watu wa bara, kwamba natafuta nguo za kale, hata zilizotoboka. Wengi walicheka. Mmoja aliniletea shuka ya hospitali.

Ndipo akaja yule mchuuzi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Alisema ametoka kisiwa cha Pate na amesikia kwa watu. Hakupita mlango wa mbele unaotazama njia kuu, alipita uchochoro wa nyuma unaotokea jikoni. Alikaa juu ya mkeka, akafungua furushi, na ndani yake mlikuwa na kisutu kizima kilichokunjwa mara nane, mikunjo yenyewe imeacha alama za njano. Nilipotaka kukipeleka barazani nikione kwenye mwanga, alinishika mkono.

"Kitazame hapa hapa," alisema. "Usikitoe nje."

Nilikitazama hapo hapo, nikakinunua. Nilifurahi mno hata sikuuliza mengi. Lakini alipoondoka, neno lile lilibaki masikioni. Mtu mwenye mali yake ya halali anaogopa nini mwanga wa barazani?

Aliendelea kuja, kila mwezi au miezi miwili, siku zote alasiri, siku zote kwa uchochoro wa nyuma. Aliniletea leso za zamani zenye maneno ya herufi za Kiarabu, kofia iliyotariziwa nusu ikaachwa na sindano yake, kitambi cha hariri chenye milia, nguo ya kiunoni ya wazee wa zamani, ambacho sikuwa nimeona mfano wake tangu utotoni. Nilizijaza nyumba za watu kwa mito na mapazia ya milango. Kazi ilikua, na shaka yangu nayo ikakua pembeni yake.

Ninaishi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Yeye ni mtu wa dini na wa maneno machache, na mtaani akifa mwanamke yeye ni mmoja wa wanaoitwa kuosha. Siku moja alinikuta nimetandaza kile kitambi sakafuni napiga bandi, ile mishono ya kushikiza. Aliinama, akanusa, akasimama wima.

"Hii ina kafuri," alisema.

Nikamwambia watu huweka kafuri kashani kufukuza wadudu. Alikubali kwamba huweka. Kisha akaniambia, kwa utulivu wake ule ule, kwamba yeye harufu ya kafuri ya kashani anaijua na ya maiti anaijua, na kwamba nguo za marehemu mara nyingi hupewa mwoshaji. Akaenda kutawadha. Mimi nilibaki na sindano mkononi, na kile kitambi ambacho dakika moja nyuma kilikuwa hariri tupu, sasa nilikiona kama kimelala.

Nguo ya marehemu si haramu, na hilo nilijua. Lakini ningemwambiaje mteja aliyelaza kichwa chake juu ya mto wangu? Na kama yule mchuuzi alikuwa mwoshaji, mbona asiseme? Niliamua kumwuliza. Alipokuja mara iliyofuata nilimkaribisha chai, nikamzungusha kwa maneno, nikamwuliza kazi zake nyingine kule Pate ni zipi. Akasema analima kidogo na anawasaidia wazee. Kuwasaidia vipi? Akasema, kuwasaidia tu, wakitaka kupakwa mafuta, wakitaka kusukwa, wakitaka mtu wa kuzungumza naye. Akanywa chai yake mpaka mwisho, akageuza kikombe.

Siku ile aliacha kisutu kilichokatwa pembe moja. Pembe tatu zilikuwa na upindo wa zamani, uzi umefubaa sawa na nguo. Pembe ya nne ilikuwa imeondolewa kwa mkasi, na makali ya mkato yalikuwa masafi, meupe, mapya. Wanawake wa zamani walikuwa wakishona alama ndogo pembeni, doa la uzi au herufi, ili nguo zisichanganyike siku ya kufua. Mtu alikuwa ameikata alama ya mwenyewe. Nilimwonyesha wifi yangu. Aliitazama, akapitisha kidole juu ya mkato, akanirudishia.

Kisha yule meneja wa Shela akaongeza moto. Wageni wake, alisema, wanataka kujua kila kitu kimetoka wapi. Aliniomba kwa kila mto niandike kadi ndogo: nguo hii ilikuwa ya nani, mji gani, aliivaa siku gani. Niliona ni ombi la haki. Nikampelekea mchuuzi. Kwa mara ya kwanza nilimwona akikasirika, ingawa sauti haikupanda.

"Andika ni ya Pate," alisema. "Pate yatosha."

Nilimwambia haitoshi, nataka jina la nyumba.

"Mimi nauza nguo, Bi. Siuzi watu."

Alifunga furushi lake na vilivyokuwemo ndani, akaondoka. Safari hii sikuvumilia. Nilivaa buibui nikamfuata kwa mbali mpaka gatini, nikasimama nyuma ya mifuko ya saruji kama polisi. Mashua ya kwenda Mtangawanda, ambayo ndiyo ya watu wa Pate, ilikuwa inapakia. Hakuipanda. Alipanda ile ya kisiwa cha Ndau, akakaa nyuma, akajifunika uso kwa sababu ya upepo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekamilisha hukumu. Anasema Pate, anakwenda Ndau. Anaingia nyumba za wazee, anakata alama, anakataa mwanga. Nilimwambia wifi yangu kwamba mwanamke yule ni mwizi. Akaniuliza kama nimemwona akiiba. Nikamwambia bado.

Lakini nilinunua tena alipokuja. Hili ni lazima niliseme, maana kila nikisimulia huwa natamani kuliruka. Baada ya kumwita mwizi nyumbani kwangu, nilinunua kwake kisutu kingine, kizuri kuliko vyote, kilichounguzwa mahali pamoja na kutililiwa kwa uzi wa kijani. Hapakuwa na kijani popote kwenye nguo ile. Ni kama aliyetililia alikosa uzi mwingine. Nilikifanya pambo la ukutani, kile kiraka cha kijani nikakiweka katikati makusudi kwa sababu kilinipendeza, nikalitundika barazani lipigwe hewa baada ya pasi.

Lilikuwepo hapo siku alipopita msichana mmoja wa Pate, wa miaka ishirini na kidogo, aliyekuja Amu kufuata kitambulisho chake. Alikuwa amekwisha kupita mlango wangu, akarudi nyuma. Akasimama mbele ya lile pambo. Nilidhani ni mteja, nikamkaribisha. Alinyanyua kidole akagusa kijani.

"Hii ni nguo ya bibi yangu," alisema. "Iliungua na kaa la udi siku ya harusi ya mama. Umeipata wapi?"

Nilihisi joto likinipanda shingoni, na nitasema kweli, halikuwa la aibu peke yake. Kulikuwa na kitu kama furaha. Nilikuwa nimejua. Nilimketisha nikamweleza juu ya mchuuzi, urefu wake na sauti yake, na kabla sijamaliza alimtambua. Ni jirani yao, alisema. Huja karibu kila siku kumpaka bibi mafuta ya miguu. Bibi haoni vizuri tena. Hakuna aliyelifungua kasha lake siku nyingi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja nalo.

Tulikubaliana kwenda pamoja Pate asubuhi. Nilimwomba asiseme kitu kwao mpaka tufike na tuwasikilize watu wote. Akaitikia. Wifi yangu aliposikia, alinitazama nikilikunja lile pambo na kulitia mkobani.

"Tulifundishwa kwenye chuo cha Kurani kumdhania mtu mema kwanza," alisema.

Nikamwambia ni yeye aliyenusa kafuri. Akasema alinusa kafuri, hakunusa wizi.

Ndani ya mashua msichana alikaa mbele na simu sikioni, na kelele za mashine zilinizuia kusikia. Tuliteremka Mtangawanda, tukapanda pikipiki mbili mpaka mjini Pate, na tulipopinda kona ya nyumba yao nilielewa alikuwa akizungumza na nani. Baraza lilikuwa limejaa watu. Majirani wanawake walikuwa wamesimama kwenye daka, kile kiukumbi cha mlangoni, na watoto viunoni. Ndani, kwenye mkeka, alikaa mama yake yule msichana, mikono imefumbatwa, na kaka wa mama amesimama kando yake. Mbele yao, peke yake, alikaa mchuuzi. Walikuwa wamemwita tangu asubuhi.

Aliniona nikiingia. Hakushangaa. Alinitazama kama mtu anavyotazama mvua aliyoiona tangu ikiwa baharini.

Yule mjomba aliniomba nitoe nguo. Niliitoa, nikaitandaza. Mama wa msichana alipoona kijani alijifuta macho kwa ncha ya leso. Mjomba akamwuliza mchuuzi kama ndiye aliyeniuzia. Akasema ndiye. Akamwuliza ameitoa wapi. Akaulizwa mara ya pili na ya tatu, akaulizwa kama anajua kwamba mambo kama haya hupelekwa polisi, na huko nje mtu mmoja akasema neno ambalo sitaliandika. Mchuuzi aliinamisha kichwa na kutazama vidole vyake. Nilikuwa nangoja aungame. Nilikuwa nimesafiri kwa ajili hiyo.

Sauti ikatoka chumba cha ndani kwanza, kisha mwenye sauti. Bibi mwenyewe alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, na alitembea akipapasa ukuta wa chokaa kwa mkono mmoja.

"Nimempa mimi," alisema. "Mwacheni. Si mwivi."

Mama wa msichana alimwuliza ana maana gani. Bibi akataka aketishwe kwanza. Alipoketi, alieleza, na aliwaeleza watoto wake, si mimi, kwa hiyo nami nilisikia kama mtu aliyesimama dirishani. Alisema siku moja alijikwaa mlangoni, akashika kitambaa ambacho watu walikuwa wakifutia miguu, na mkono wake ukakijua. Kilikuwa kikoi cha harusi cha mumewe. Hakumwuliza mtu ni nani aliyekitoa. Aliketi nacho mchana kutwa. Alikumbuka kwamba aliwahi kuwapa binti zake zile nguo, wakamwambia ni za kikale. Na alikumbuka kwamba mato yake, ndivyo alivyoyaita macho, yalikuwa yakienda, na kwamba yakiisha hatajua tena ni nini kinachotoka kashani mwake. Ndipo alipomwita jirani aliyekuwa akimpaka mafuta, akamwambia azichukue nguo mojamoja, azipeleke kwa mtu atakayezijua thamani. Alimpa sharti moja. Amu hakuna atakayejua zimetoka nyumba gani. Watu wakisikia nguo za fulani zinauzwa, watasema watoto wake wameshindwa kumtunza. Alama alizikata yeye mwenyewe, kwa kupapasa.

"Sikutaka mwanangu asemwe," alisema. "Na yeo anasemwa, mlango uko wazi."

Kweli mlango ulikuwa wazi. Wanawake wa daka walikuwa wamenyamaza ili wasikie vizuri. Mama wa msichana aliinuka akaufunga, na alipogeuka alinitazama mimi, si binti yake aliyepiga simu.

"Umekuya kututangaza," aliniambia.

Nilimtazama mchuuzi ili nimwombe radhi kwa macho angalau, lakini alikuwa amemgeukia bibi, na kwa mara ya kwanza niliona hofu usoni mwake. Sikuielewa mpaka bibi aliponyosha mikono na kusema apewe nguo yake aishike. Hakuna aliyesogea. Nikampelekea mimi.

Alianza na kile kiraka cha kijani. Alikipata mara moja, akatabasamu kidogo. Kisha vidole vikaenda pembeni, vikitafuta upande uliobaki, na havikuupata. Vilikuta mshono wangu, bitana yangu, kitanzi cha kutundikia. Alirudi katikati akaanza tena, polepole, kama mtu anayehesabu vyumba vya nyumba yake.

"Umeikata," alisema.

Nikasema ndiyo, Bibi, nimeikata.

Alimgeukia mchuuzi. Kumbe miezi yote ile huyu alikuwa akimwambia bibi kwamba nguo zinatundikwa nzima ukutani, kwenye nyumba za watu wanaozistahi. Ndicho kitu pekee alichomficha. Kwangu alificha nyumba, kwa bibi alificha mkasi. Alisema, kwa sauti ile ndogo, kwamba angeambiwa ukweli asingetoa, na zingeishia mlangoni pa kufutia miguu. Mchuuzi alikaa kidogo, kisha akainuka, akatoka kwa mlango wa uani. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemwomba radhi, na mimi nikiwa wa kwanza wa wasiomwomba.

Maji yalikuwa yamekupwa na hapakuwa na mashua mpaka yajae. Mjomba alikwenda zake. Msichana alijifungia chumbani. Mama yake aliniletea chakula kwa sababu mgeni ni mgeni, akaweka sinia chini bila kunitazama. Nilikula na bibi, tukiwa wawili. Alikuwa bado ameishika nguo mapajani.

Aliniuliza nyingine nimezifanya nini. Nilifikiria kumdanganya. Nilikwisha kuona mwisho wa uongo wa upole asubuhi ile ile, nikamwambia kweli. Mito, nikamwambia, na mapazia ya milango, na vibendera vya Idi. Na kisutu kimoja kilichokuwa kimechanika sana, hicho nilikikata nyota ishirini na nne, zikanunuliwa kwa ajili ya Krismasi.

"Nyota za Krismasi huwekwa wapi?"

Nikamwambia hutundikwa kwenye mti, ndani ya nyumba.

"Mti gani?"

Nikamwambia kule Shela walikata tawi la mvinje.

Nikajua nimemuudhi, nikaanza kutafuta maneno. "Mvinje unanukia," alisema. Kisha akaugeuza mshono wangu wa pembeni, akaupitisha baina ya kidole gumba na cha shahada, akaniambia napiga mishono mirefu mno, nguo ya kale inataka mishono mifupi ili uzito ugawanyike. Akanitaka nifumue upande mmoja pale pale na kuushona upya huku yeye akishika. Nilishona mpaka mtu wa pikipiki alipopiga honi nje. Lile pambo nililiacha kwake. Hakuniomba nifanye hivyo, wala sikuona namna ya kulirudisha mkobani.

Kabla ya kwenda gatini nilipita kwa mchuuzi. Watu walinionyesha nyumba yake, mlango umerudishwa. Nilibisha, nikatoa salamu mara tatu kama inavyotakiwa, na nikajua yumo ndani kwa sababu moshi wa jikoni ulikuwa unatoka. Mara ya tatu ikipita bila jibu, desturi ni kuondoka. Niliondoka.

Hajaja tena kwangu. Tumekutana mara moja sokoni Amu. Nilimsalimu, akaitikia salamu yote, na baraka zake, kisha akaendelea kuchagua bamia. Nimesikia kuna duka la Shela linalouza mapambo ya nguo za kale na kwamba yeye ndiye anayewapelekea. Ndau alikuwa akifuata nini, sijui hata leo. Wifi yangu anasema huenda ana ndugu huko, na huenda ana bibi mwingine huko mwenye kasha. Mimi, nikisema ukweli wa moyo wangu, bado kuna siku nakiwaza kile kitambi cha milia na harufu yake. Nimemkosea, na bado namshuku kidogo. Sikujua kwamba mambo mawili hayo yanaweza kukaa katika kifua kimoja.

Yule meneja nilimpelekea kadi, nimeandika aina ya nguo, mji, na mahali ilipotililiwa, basi. Jina la nyumba hakuna. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia wenyewe wamekataa kutajwa. Alitabasamu kwa adabu, na Krismasi iliyofuata aliniomba nimletee moja ya nguo kabla sijaikata, aione. Alidhani nanunua leso mpya mjini na kuzichovya kwenye chai ili zionekane za kale. Sikumlaumu. Nilimpelekea, akaishika, akainusa, akanirudishia, na sidhani kama aliamini.

Siku hizi natafuta nguo mwenyewe. Nabisha mlango wa mbele, mchana, nasema mimi ni nani na kwamba nakata. Neno la kukata nalisema mwanzo kabisa, kabla ya chai, na nyumba nyingi hunirudisha hapo hapo. Mwezi uliopita niliingia nyumba moja ya kijiji cha Kizingitini. Mama mwenye nyumba alitandaza nguo zake juu ya kitanda akizihesabu kwa sauti, na binti zake wawili walisimama mlangoni wakitazama mikono yangu na mkoba wangu. Nilipomaliza kutazama alizihesabu tena. Zilitimia sawa. Hata hivyo niliufungua mkoba nikaumwaga juu ya mkeka: mkasi, vibiringo vya uzi, subana ya kidole, miwani. Alisema si lazima, lakini alitazama, na binti zake wakatazama, mpaka chini ya mkoba.

Alinipa kikoi kimoja cha hariri, rangi ya zabibu, kimeisha upande mzima. Ninacho mezani sasa. Ni chembamba mno hata sindano nyembamba inakitoboa vibaya, kwa hiyo nimekipigia bandi juu ya bitana ya pamba na ninakwenda kidogo kidogo, mishono mifupi. Nimemwambia nitampelekea aone kikiisha. Amesema nisisumbuke, lakini akaandika namba yangu ya simu, kisha akanipigia nikiwa bado nimesimama mbele yake, kuhakikisha kwamba ni yangu.